Mishahara ya Watu na Pikapu Niliyoitukana

Nianze na ndizi, maana ndizi ndizo zilizonifundisha kwamba mali inaweza kukuivia ndani ya daftari.

Mteja mmoja wa hapo Nyamiaga alikuja kuchukua stuli mbili kwenye karakana yetu ya useremala. Hela hana. Akaenda kwake, akarudi na mkungu mzima begani, akautua mbele ya meza yangu puu, akasema, "Dada Skola, tumemalizana." Mimi karani mpya, kiherehere kimenijaa mpaka kooni. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: Debiti, Ndizi. Krediti, Mauzo. Nikapiga mstari kwa rula. Wiki iliyofuata nakagua mali. Mbao zipo, misumari ipo, gundi ipo. Ndizi hakuna. Kuna maganda nyuma ya benchi la randa.

Nikasimama katikati ya karakana nikafoka. "Nani kala mali ya ofisi?"

Mafundi wakatazamana. Bukuru, fundi wa milango, kijana mrefu, mpole kama ng'ombe wa maziwa, ndiye aliyejibu.

"Dada, zilikuwa zimeiva. Ulitaka tuzipake vanishi?"

Walicheka mpaka msumeno ukasimama. Mimi nilinuna siku nzima, halafu jioni nikaandika: Debiti, Chakula cha mafundi. Krediti, Ndizi. Ule mstari wa kwanza sikuufuta. Hilo lishikeni nyie mnaoanza kazi hii: ukishaandika hufuti, hukwaruzi kwa wembe, huchani ukurasa. Unaandika mstari mwingine wa kusahihisha, na yote miwili unaiacha ionekane. Mpaka nimestaafu sijawahi kuchana ukurasa. Kuchana watu kwa maneno, hayo ni mambo mengine, na wengi wenu mliokaa na mimi ofisini mnayajua.

Mnaniuliza nilisomea wapi. Sikusomea popote. Nilimaliza darasa la saba kwetu Murusagamba, nikarudi kwenye migomba na maharage ya baba, mpaka shangazi akanichukua Nyamiaga nimsaidie kuuza chai na maandazi. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Malori yalikuwa yanapita usiku na mchana, vumbi linakunywa chai kabla ya mteja, na kila mwenye mikono alikuwa na kazi. Ukijua kuendesha, unaendesha. Ukijua Kiingereza cha kuombea maji, unakuwa mkalimani. Mimi nilikuwa najua kujumlisha na kugombana.

Kitabu cha kuweka hesabu nilikikuta dukani kwa Bwana Swedi, muuza vifaa vya ujenzi pale Ngara mjini. Yeye alikuwa mtu wa Biharamulo, amefuata biashara kama wengine. Hakuwa anakisoma kile kitabu. Alikuwa anachana kurasa zake na kufungia misumari.

"Bwana Swedi! Unafungia misumari elimu ya watu?"

"Elimu haijawahi kunilipia kodi ya fremu," akasema. "Unakitaka? Chukua kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa kama nusu. Kinaanza katikati ya sentensi na kinakwisha kabla ya majibu ya maswali. Lakini nilikisoma kile kitabu mpaka maandazi yakaungua, shangazi akanipiga na mwiko. Nikikwama nakwenda dukani kwa Swedi, naye, huku anapima misumari kwenye mizani, ananieleza kama alivyoelezwa na baba yake.

"Kila jambo lina mikono miwili, Skola. Mkono uliopokea na mkono uliotoa. Uliopokea, kushoto, ndiyo debiti. Uliotoa, kulia, ndiyo krediti. Ukiona mkono mmoja tu, ujue kuna mtu kajificha."

Nimefundisha makarani wengi, na sijapata maneno yanayozidi hayo. Umenunua mbao kwa taslimu? Mbao zimeingia, kushoto. Taslimu imetoka, kulia. Parokia imechukua meza, itakulipa mwisho wa mwezi? Parokia imepokea, kushoto, jina lake unaliandika kwa herufi kubwa ili usije ukalisahau. Mauzo, kulia. Hakuna uchawi hapo. Jarida ni daftari la kuandikia jambo siku lilipotokea, kabla hujalipeleka kwenye leja, daftari ambamo kila hesabu ina ukurasa wake. Ukingoja kesho, kesho inakuja na jambo lake.

Kazi yenyewe niliipata kwa ugomvi. Mwenye karakana, Mzee Laurenti, alikuwa mteja wetu wa chai. Fundi hodari, mikono yake ingeweza kuunga ukuni na jiwe. Alikuwa anapata oda za mashirika: milango ya zahanati, madawati, milango ya vyoo mingi isiyohesabika. Ila hesabu zake alikuwa anaandika kwa penseli juu ya ubao uliosimama nyuma ya mlango. Siku moja shirika likamwambia, mzee, tuonyeshe umelipa mafundi wangapi na shilingi ngapi, vinginevyo oda inayofuata tunampa mwingine. Akaenda kuutafuta ubao. Haupo. Bukuru alikuwa ameupiga randa, akautia bawaba, ukaenda kuwa mlango wa zahanati kambini kwa wakimbizi. Hesabu za miezi zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa na wagonjwa.

Nilikuwa nimepeleka chai. Nikaweka chupa chini nikamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini huo ni ujinga."

"Marahaba," akasema. "Unajua kuandika?"

Kesho yake nikaanza. Yule mzee aliniamini kabla sijaaminika, na mtu wa namna hiyo ukimgusa mbele yangu nakurukia, hata leo ambapo magoti hayataki.

Lakini kumpenda hakukunizuia kumfokea. Tuligombana kila wiki juu ya jambo moja. Anafungua kasha la biashara, anachota noti, anakwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wenzake. Nami naandika mbele ya macho yake, kwa sauti: "Debiti, Matumizi binafsi ya Mzee Laurenti. Krediti, Taslimu."

"Skola, karakana ni yangu, kasha ni langu."

"Karakana haina mdomo, mzee. Rubisi kanywa nani?"

Aliuchukia huo mstari kama jiwe kwenye kiatu. Alikuwa akiniomba niuite "safari" au "mazungumzo na wateja". Nikakataa. Nyie mtakaofanyia kazi watu wenye biashara zao mtakutana na hayo: mwenye mali hajui mfuko wake unaishia wapi na wa biashara unaanzia wapi. Usimchekee. Akikasirika, mpe chai.

Kulikuwa pia na mambo ya mafundi. Mmoja alitaka kitanda badala ya mshahara, sababu mkewe kamwambia kalala chini vya kutosha. Karani mwingine angeduwaa, hela haijatoka. Mimi nikaandika: Debiti, Mishahara. Krediti, Mauzo. Kitanda kimelipa mshahara, basi. Mwingine akaomba hela katikati ya mwezi, mtoto anaumwa. Hiyo msiandike mshahara, hajaufanyia kazi bado. Hilo ni deni lake, andika jina lake, mwisho wa mwezi mshahara wake wote uandike kushoto, halafu kulia ugawe: hiki kimelipa deni, hiki kimetoka taslimu. Mkichanganya hapo mtamlipa mtu mara mbili, au mtamkata mara mbili, na ya pili ndiyo itawaletea panga ofisini.

Sasa nije kwenye pikapu.

Siku ya mshahara pale kwetu ilikuwa hivi. Mafundi wanapanga mstari mbele ya meza yangu. Nasoma jina, siku alizofanya, chakula cha mchana tunakata, ugali wa unga wa njano na maharage, kisha natoa hela. Mtu anatia sahihi au dole gumba. Naandika: Debiti, Mishahara. Krediti, Taslimu. Nafunga daftari, naenda zangu kwa shangazi, nalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Nisichokuwa nakiona ni kile kilichokuwa kinatokea nyuma ya karakana. Huko nyuma Mzee Laurenti alikuwa ananawa mikono, na fundi mmoja mmoja anazunguka, kofia mkononi, anamrudishia sehemu kubwa ya ile hela niliyotoka kumpa. "Nitunzie, mzee." Ndiyo ilikuwa desturi yao tangu zamani. Benki hawaijui, na mshahara ukifika nao nyumbani una ndugu wengi: kuna shemeji, kuna rubisi, kuna rafiki anayeoa. Ukikaa kwa mzee unakua. Mtu anauacha miezi, anakuja kuuchukua siku ya kununua ng'ombe au mabati. Walifanya kimya, maana hakuna aliyetaka mwenzake ajue anatunza kiasi gani. Mzee anazitia kwenye lilelile kasha la biashara. Kila mtu na kiasi chake anakijua kwa kichwa, na kwa kichwa hakuwahi kukosea.

Mimi sasa nafungua kasha Jumatatu. Daftari linasema kiasi hiki, kasha linasema zaidi. Mwezi wa pili, zaidi. Ingepungua ningewakamata wote shingoni. Lakini imezidi! Nani anagombana na hela iliyozidi? Nikajiambia biashara imenoga, kuna oda nilisahau. Nikaandika: Debiti, Taslimu. Krediti, Mapato mengine. Mapato mengine! Maneno mazuri sana kwa kufunikia jambo usilolijua. Mkono mmoja ulikuwa umejificha, na mimi nikauvalisha shati.

Mwaka ulipokaribia mwisho mzee akaketi mbele ya meza yangu, penseli sikioni.

"Skola, hii yote ni faida?"

"Faida tupu, mzee."

"Tupu kabisa? Umeshatoa ya watu?"

Nikadhani anasema ya wauza mbao. "Wote nimeshawatoa. Hii ni yako."

Akatabasamu kama mtoto wa ekaristi ya kwanza. Miaka yote alikuwa anakodi gari la kubebea milango, na nusu ya faida inaliwa na wenye magari. Akaniambia kuna mkulima mkubwa wa Nemba, kule Biharamulo, anauza pikapu yake. Wamepanga kukutana Lusahunga, njia panda, Alhamisi.

Alhamisi akaondoka asubuhi na mfuko wa hela kwapani. Hakuwa amefika mbali sana Bukuru alipokuja mezani kwangu, kavaa shati la kanisani.

"Dada Skola, mzee yuko wapi? Leo nachukua zile zangu."

"Zako zipi?"

"Za mabati."

Hapo mjue kwamba Bukuru alikuwa anaoa. Baba wa binti, Adelina, alikuwa amesema neno moja tu: binti yangu haingii nyumba ya nyasi. Nyumbani Bukuru alikuwa amepandisha kuta na kenchi, imebaki kuezeka. Na mabati miaka ile yalikuwa ya kuvizia, wakandarasi wa kambini wanazoa duka zima kwa mkupuo. Bwana Swedi alikuwa amemfichia fungu lake, kwa ahadi kwamba analilipia siku hiyo kabla hajafunga duka. Kesho asubuhi lori la mkandarasi linakuja kubeba yaliyobaki yote. Na Jumapili padri anatangaza ndoa. Bila mabati, baba mtu angesimama palepale kanisani akasema hapana.

Lakini mimi hayo sikuyafikiria kwanza. Mimi nilifungua daftari. "Bukuru, usinifanyie utani asubuhi. Wewe umelipwa. Hii hapa sahihi yako. Hii hapa. Na hii."

"Nimelipwa, ndiyo. Nikamrudishia mzee anitunzie."

"Muongo!"

"Dada..."

"Muongo mkubwa! Mtu mzima na shati la kanisani, unataka kulipwa mara mbili!"

Yule kijana hakupandisha sauti. Aligeuka tu akawatazama wenzake. Fundi wa kitanda akaweka nyundo chini. "Na mimi anatunza," akasema. Mwingine, "Na mimi, tangu mwaka jana." Mwingine. Mwingine. Karakana nzima, mmoja baada ya mwingine, wakisema kile ambacho walikuwa wamefichana wao kwa wao.

Jamani, niliusikia ule mstari wa Mapato mengine ukitambaa mgongoni kwangu kama siafu.

Kasha lilikuwa tupu. Faida tupu, mzee.

Bukuru akaniuliza, "Kaenda nazo wapi?" Na mimi, ambaye maneno hayajawahi kuniishia, nikasema, "Anarudi jioni. Kaa hapo usitoke." Nikatoka mbio na daftari mkononi.

Bahati ilikuwa kwamba Bwana Swedi siku hiyo anapeleka lori Lusahunga kupokea saruji. Nikamkuta mbele ya duka lake anapanda. Nikajitupa ndani ya kebini, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka tukaingia lami.

"Kile kitabu kilikuwa na ukurasa wa mambo hayo," akasema taratibu. "Mshahara ambao mtu keshaufanyia kazi na hajauchukua. Unakuwa deni la mwenye biashara. Nauona kabisa, upande wa kulia, juu."

"Uko wapi?"

"Nilifungia misumari ya inchi nne."

"Alinunua nani?"

Akakohoa. "Mzee wako."

Tulipofika njia panda nikawaona. Pikapu imeegeshwa mbele ya hoteli ya chai, imeoshwa inang'aa. Mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia ya pama, kashika kadi ya gari. Mzee Laurenti keshafungua mfuko, anatoa mafungu juu ya boneti. Na kuzunguka pale, madereva, matingo, wauza mahindi, watu wasio na kazi ila ya kutazama hela za wenzao.

"Mzee," nikamwita, "naomba tuongee pembeni."

"Skola? Umefuata nini? Sema hapahapa, hawa ni watu wazima."

Nifikirieni hapo. Nikisema, mzee, hizo ni mishahara ya watu, wale madereva watafika Ngara na habari kabla ya jua kuzama: Laurenti anakula mishahara ya mafundi wake. Oda zimekufa. Jina limekufa. Kumwambia kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, haisaidii, pale Kihangaza hata mbuzi wanakisikia. Na akimaliza kuhesabu, kadi itabadili mikono, na mwenye kofia ataondoka na mabati ya Bukuru kwenda nayo Nemba.

Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Gari gani hili?" nikasema, kwa sauti ya sokoni. "Mzee, umetoka Nyamiaga kuja kununua ungo?"

Watu wakageuka.

"Mbona limeinama upande mmoja kama mlevi anayetafuta choo? Na haya matairi? Kipara cha babu yangu kina nywele kuliko haya!"

"Skola!" Mzee Laurenti.

"Na hii rangi imepakwa lini, jana? Inaficha nini? Kutu inalia humu ndani, mimi naisikia!" Nikapiga mlango teke. Mlango ukalia vizuri kabisa, imara, lakini nikapiga kelele kana kwamba umeanguka. Matingo wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Ungo!" Wote wakaitikia, "Ungo!"

Mwenye kofia akafura. "Mzee Laurenti, huyu binti ni nani?"

"Karani wangu," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi.

"Karani anajua gari?"

"Gari silijui," nikasema, "bei naijua. Kwa bei hii inabidi wewe mwenyewe ulisukume mpaka Ngara, na ukifika ufagie uwanja."

Akafunga kadi yake kwenye bahasha. "Siuzi. Hata uniongezee, siuzi. Chukua hela zako, mzee, na huyo nyuki wako mwondoe hapa."

Safari ya kurudi mimi na mzee tulikaa nyuma, juu ya mifuko ya saruji. Amekumbatia ule mfuko. Hanitazami. Tulikwenda kilometa nyingi hivyo, upepo unatupiga saruji usoni, mpaka nikaona sasa niseme.

"Mzee, ile haikuwa faida. Zile ni za akina Bukuru. Zile unazowatunzia."

Akageuka polepole. "Si nilikuuliza kama umetoa ya watu?"

"Uliniuliza."

"Ukasema tupu."

"Nikasema tupu. Sikujua wanakurudishia. Unapokea mlango wa nyuma, mimi naandika mlango wa mbele."

Aliutazama ule mfuko kama mtu aliyegundua amebeba mtoto wa jirani. Nikajua alichokuwa anakiona: Bukuru na shati lake, kanisa zima, na yeye kasimama na kadi ya gari mkononi.

Baada ya muda akasema, "Lile gari lilikuwa zuri."

"Zuri sana, mzee."

"Matairi mapya."

"Mapya kabisa. Hata harufu ya dukani ipo bado."

"Na mlango ulivyolia ulipoupiga."

"Umeniumiza kidole mpaka sasa."

Akaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka saruji inamdondoka kwenye nyusi. Swedi akagonga kioo cha kebini kuuliza kuna nini huko.

Bukuru alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, juu ya farasi wa kukatia mbao, shati bado safi. Mzee alimwita mbele ya meza yangu, mbele ya mafundi wote, akafungua mfuko akamhesabia, bila kutazama karatasi yoyote. Ilikuwa sawasawa na alivyokuwa anajua Bukuru. Swedi akapokea ya mabati palepale, akatuma fungu lipakiwe kabla ya kufunga duka.

Ikabaki kidogo mkononi mwa Bukuru. Kijana akazitazama zile noti, akageuza kofia, na mimi nikaona anaanza kuzunguka kuelekea nyuma ya karakana, kwa mazoea.

"Wapi?" mzee akamwambia. "Njoo hapa. Mpe karani kwanza, aone kwa macho yake."

Hata baada ya siku ile! Mtu ametoka kukaribia kupoteza nyumba na mke, anazirudisha kwa mzee yuleyule. Nikafungua jarida. Debiti, Taslimu. Krediti, Bukuru, fedha zake tunazomtunzia. Halafu nikawaita wengine mmoja mmoja, kila mtu na jina lake upande wa kulia, na juu yao, upande wa kushoto, nikaandika mstari wa kuyasahihisha yale Mapato mengine yote. Hayakuwa mapato. Nilipomaliza, faida ya Mzee Laurenti ya mwaka mzima ingetosha kununua taa moja ya ile pikapu. Ya nyuma.

Nyie siku hizi mishahara yenu inaingia kwenye simu, tititi, na makato yamejipiga yenyewe. Vizuri. Lakini siku mashine itakapowaambia kuna ziada, msiifurahie. Ikipungua, kila mtu atakusaidia kuitafuta. Ikizidi, utakuwa peke yako, na kuna mwenyewe mahali anaingoja kwa shati la kanisani.

Ndoa ilifungwa. Asubuhi ya harusi nilikuwa karakana namalizia vocha za malipo, nikasikia honi. Natoka nje, naona nini? Ileile pikapu, imefungwa migomba mbele na vitambaa vya rangi, imekuja kumchukua Adelina. Mfanyabiashara mmoja wa Ngara ndiye aliyekuwa ameinunua, na sasa anaikodisha. Mzee Laurenti kasimama kando yake na suti.

"Skola, ungo wako umefika. Nimeukodi kutwa nzima, zawadi yangu kwa Bukuru. Hela nimetoa kwenye kasha. Andika."

Nikachukua kalamu. Nikafungua mdomo.

"Usiniulize," akasema. "Matumizi binafsi ya Mzee Laurenti. Andika kwa herufi kubwa."